Betri Kubwa ya Harusi za Mgeta

Kwenye kazi yetu ya kupiga video za harusi pale Morogoro, mteja mjuzi hakuuliza mna kamera gani. Aliuliza, "Betri mnazo?" Harusi ikiwa ya milimani, Mgeta au Matombo, swali lilitoka kwa mwenyekiti wa kamati mbele ya kikao kizima, na ukijiumauma kidogo tu, kazi inakwenda kwa mwingine. Hawakuwa wakorofi. Walishaumia. Karibu kila ukoo ulikuwa na mkanda wake mmoja unaoishia pale bibi harusi anaposhuka kwenye gari, yaliyobaki mkasimuliane wenyewe.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya 1990 nikiwa kijana wa taa. Bosi alikuwa na Panasonic M7, ile kamera ya kubeba begani inayomeza kaseti nzima ya VHS. Betri yake ilikuwa ya risasi na asidi, volti 12, imefungwa pande zote, nzito kama inavyostahili kitu cha risasi. Ilipochoka na nyingine isipatikane, bosi alinunua betri ya pikipiki, akaitia kwenye mkoba wa begani, akavuta waya mpaka nyuma ya kamera. Kuanzia hapo taa akapewa kijana mwingine, mimi nikapandishwa cheo: mbeba betri. Waya wenyewe haukufika hata mita mbili. Bosi akienda kulia naenda kulia, akipanda juu ya pikapu kuwapiga wapiga tarumbeta napanda naye, nimefungwa kama mbuzi wa kamba. Kwenye picha za harusi za miaka ile, ukitazama vizuri pembeni, utaniona sana.

Betri ya namna ile ina tabia moja: ukiilaza ikiwa tupu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na ikishaganda sana haitoki. Bosi hakusoma kemia, ila alijua kwamba haitaki kulala na njaa. Turudi saa nane za usiku, tuwe tumelowa mvua, betri ilichomekwa kwenye chaja kabla mtu hajavua viatu. Siku ambayo umeme ulikuwa umekatika, alikuwa radhi kuipeleka kwa jirani mwenye jenereta na kumwamsha. Jirani alizoea. Sidhani kama alipenda.

Halafu ikaja PD170. Sony waliitoa mwaka 2003, yetu ilifika baadaye kidogo, ya mtumba kutoka Dubai, imeviringishwa shuka ndani ya begi la nguo. Ndogo, ya kushika mkononi, inatumia kaseti ya MiniDV isiyozidi kiberiti kwa mengi. Na nyuma yake inaning'inia betri ya lithiamu, NP-F970, donge jeusi la kujaa kiganja. Tulipoichaji mara ya kwanza na kuipachika, kwenye kona ya kioo ikatokea namba: dakika zilizobaki. Bosi aliitazama muda mrefu. Miaka yote alikuwa anakisia, akisikiliza mlio wa mota ya kaseti na kuangalia taa nyekundu, leo kamera inamwambia yenyewe. Betri ile, ikiwa bado mpya, ilimaliza harusi nzima: kanisani, kwenye bustani ya picha, ukumbini, mpaka wakwe wanaagana, na bado ikabaki na kitu. Mkoba wa pikipiki ukaenda stoo, nami nikapata bega langu.

Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba sisi wapiga video tulikuwa kwenye hadithi hiyo tangu mwanzo. Sony waliingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni ya kuchaji mwaka 1991. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuwekewa betri hiyo ni kamera ya video, Handycam CCD-TR1. Akira Yoshino wa Japani, mmoja wa waliotengeneza njia hiyo, alipata Nobeli ya kemia mwaka 2019 pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham. Yaani kabla dunia haijaanza kutembea na lithiamu mfukoni, lithiamu hiyo ilishaanza kuning'inia nyuma ya kamera ya kupigia harusi na siku za kuzaliwa. Laiti bosi angelijua hilo, angelitaja kwenye kila kikao cha kamati.

Lithiamu nayo ina kifo chake, na ni cha hila kuliko cha risasi. Inazeeka ukiitumia, inazeeka usipoitumia, na joto linaiharakisha. Studio yetu ilikuwa ya bati bila dari, na kwa uaminifu uleule wa zamani bosi aliiweka ikiwa imejaa muda wote, juu ya kabati, chini ya bati. Alichofundishwa na betri ya risasi kilikuwa kinaidhuru hii ya lithiamu, ambayo kukaa imejaa kwenye joto ndiko kunakoichosha upesi. Hakuna aliyetuambia. Kijitabu cha maelekezo kilibaki Dubai.

Mwaka 2006 ndio mambo yalipofunguka. Ni ule mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya bwawa la Mtera yakashuka hadi chini ya mita 690, kipimo ambacho chini yake mitambo haitakiwi kuendeshwa, na Kidatu, ambayo inayategemea maji hayohayo, ikapungukiwa. Kidatu iko mkoani kwetu. Nguzo zake tulikuwa tunapita chini yake tukienda kwenye harusi za Kilombero, na mjini tunakaa gizani kutwa. Umeme ulirudi usiku wa manane, ukakaa saa chache, ukaondoka. Unachaji nini kwanza: betri ya kamera, za taa, au simu ya bosi ambayo wateja wanaipigia? Tulipanda milimani na betri zilizoshiba nusu, na nusu ya betri iliyozeeka ni hesabu ya kujidanganya.

Harusi yenyewe ilikuwa juu ya Mgeta, upande wa Nyandira. Ukitoka barabara ya Iringa pale Sangasanga, ukapita Mzumbe na Mlali, unaanza kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo makoti yanavyotoka kwenye mabegi. Huko ni kwa kabichi na njegere, na jioni ni baridi ya kweli. Jenereta ilikuwepo moja, ya mwenye muziki, na mwenye muziki hakuwa mtu wa kuchangia. "Mkichomeka chaja yenu hapo, spika zangu zinaanza kukoroma," alisema, akasimama mbele ya soketi kama vile tumekuja kuiiba.

Ilikuwa zamu ya mjomba. Asiyewajua Waluguru anaweza kudhani hotuba ya mjomba ni moja tu katika foleni ya hotuba, baada ya baba na kabla ya keki. Sivyo. Ukoo wa Waluguru unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mzee akasimama, akavua kofia, watu wakanyamaza. Kioo kilisema dakika 84. Nakumbuka namba hiyo kwa sababu bosi alinionyesha kwa kidole, ametulia kabisa. Mjomba hajafika mbali, namba ikaruka ikawa 31, kisha 5, kisha kioo kikawa cheusi.

Mtu wa kamera anajua kimya cha namna hiyo. Bosi hakusogeza jicho kwenye kamera. Aliendelea kuishika vilevile, anaelekeza kwa mjomba, kana kwamba inapiga. Mimi nikaichomoa betri taratibu nikaitia kwapani ndani ya koti. Hilo tulilijua kwa mazoea: lithiamu iliyozeeka ikipigwa na baridi inashindwa kusukuma umeme hata kama haijaisha, ukiipasha kidogo inarudisha uhai wa dakika chache. Iliporudi kwenye kamera, ikawaka. Mjomba alikuwa ameshakaa.

Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye busara, alimnong'oneza mzee kama angeweza kurudia machache kwa ajili ya mkanda. Mzee aliitazama kamera, akamtazama mwenyekiti. "Maneno ya mjomba hayasemwi mara mbili," akasema, akarudishia kofia kichwani. Tulilipwa pungufu, na kwa haki.

Kariakoo tulikwenda wiki hiyohiyo. Betri orijino ilikuwepo, kwenye kabati la kioo, na bei yake ilikaribia malipo ya harusi nzima. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, umbo lilelile, rangi ileile, imeandikwa namba kubwa zaidi ya ile ya orijino, kwa robo ya bei. Tukachukua hiyo, kama ambavyo ungechukua wewe. Kuipachika, kamera ikatoa maandishi kwamba inataka betri ya InfoLithium tu. Betri za Sony za aina hiyo zina kichipu ndani kinachoongea na kamera, ndicho kinachotoa zile dakika, na hii ya bei nafuu haikuwa na cha kusema. Ukiizima na kuiwasha mara kadhaa ilikubali kwa shingo upande. Nayo haikumaliza hata misa. Tulipokuja kuifungua tulikuta seli nne mahali pa sita. Palipobaki paliwekwa kipande cha plastiki ili isicheze ukiitikisa. Nilimheshimu aliyekikata kile kipande: kilikuwa na vipimo sahihi kuliko vyote vilivyokuwemo.

Aliyetufungulia ni fundi mmoja aliyekuwa anakaa chini ya ngazi za ghorofa, jirani na Mtaa wa Aggrey, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama akanyooka. Wateja wake wengi walikuwa wa laptopu. Bosi aliingiza kichwa.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri, mzee. Imekufa au imechoka?" Hakuuliza ni ya nini. Alishaiona mkononi.

"Imechoka."

"Afadhali. Iliyochoka bodi yake nzima."

Aliigeuza, akatafuta mshono wa gamba kwa kucha, akapitisha kisu chembamba kuuzunguka bila haraka, huku akigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Gamba likaachia. Nilitegemea kuona kitu cha ajabu, mashine fulani ya Kijapani. Kulikuwa na seli sita za mviringo, kila moja inakaribia kidole gumba kwa unene, zimelala mbilimbili tabaka tatu, zimeunganishwa kwa vipande vya bati, na kibodi kidogo cha kijani kimeegemea upande mmoja. Basi. Kitu kile cha bei ya harusi nzima.

"Unaziona?" aliniuliza mimi, si bosi. "Milimita 18 upana, 65 urefu. Zinaitwa 18650. Sasa tazama hapa, mdogo wangu." Akavuta betri mbovu ya laptopu kutoka kwenye ndoo, akaibana kwenye meza, akaipasua kwa mkato mmoja. Ndani, seli sita. Zilezile.

Tofauti ni mpangilio tu. Kila seli ina volti 3.6. Kwenye laptopu zimefungwa jozi tatu zilizofuatana, inapatikana volti kama 11. Kwenye kamera yetu ni tatu kwa tatu: tatu zinasimama bega kwa bega kujumlisha ujazo, kila moja 2,200 zinakuwa mAh 6,600, kisha kundi hilo na la pili yanafuatana, volti 7.2. Na betri ya laptopu ikifa, mara nyingi jozi moja ndiyo iliyokufa na kuzizuia nyingine. Fundi alikuwa anaishi kwa hizo nyingine.

Lakini hakutuuzia siku ile. Alitaka turudi wiki inayofuata, bosi akanuna, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumempata fundi. Kila seli aliyoitoa kwenye laptopu aliipima kwa mita kwanza. Iliyokutwa chini ya volti 2 haikujadiliwa, ilikwenda kwenye debe la mchanga lililokuwa miguuni pake. Iliyobaki aliichaji hadi 4.2, akaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito, akaiacha rafuni juma zima. Zilizoshuka zikaondoka. Zilizobaki na namba yake zikapangwa kwa kufanana, tatu tatu. "Ukichanganya kali na dhaifu," alisema, "dhaifu inaiua kali, halafu unakuja kunitukana mimi."

Na lehemu. Fundi wa haraka anaweka lehemu moja kwa moja kwenye kitako cha seli, na moto ule unaichoma ndani kabla haijaanza kazi. Huyu alikuwa anazikata seli za laptopu na kuziachia vile vibati vyake vya zamani vilivyopigwa kiwandani, halafu analehemu kibati kwa kibati, anapuliza, anasubiri, anagusa kwa kidole kama joto limefika kwenye seli. Alipomaliza alivika karatasi ngumu katikati ya safu zisigusane, akarudisha kibodi kilekile cha Sony, akafunga gamba kwa gundi na kulizungushia utepe mweusi. Ilikuwa mbaya kuitazama. Bosi alilalamika kwamba wateja wataiona. Fundi akamwambia wateja wanatazama bibi harusi.

Debe la mchanga niliuliza la nini. Mwezi Agosti mwaka huohuo Dell walikuwa wametangaza kurudisha betri za laptopu milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu baadhi zilikuwa zinawaka moto. Habari ilifika Kariakoo kabla ya magazeti. Betri za namna hiyo zilikuwa zinapita mikononi mwake kwa maboksi, bila mtu wa kumwambia ipi ni ipi. "Ikianza kutoa harufu tamu, usiishangae. Mchangani," alisema. Ndiyo maana hata leo kijana akiniambia amejifunza kuunda betri kwa kutazama video simuungi mkono wala simkatazi. Namwuliza tu debe lake la mchanga liko wapi.

Betri ilivyorudi kwenye kamera, ikakubalika bila maandishi yoyote, maana kichipu kilikuwa kilekile. Lakini kichipu hakikujua kwamba kimepewa mwili mpya. Kiliendelea kukumbuka betri ya uzeeni. Imejaa kabisa, kioo kinasema dakika 20, na kweli inapiga saa nzima, saa mbili, na namba bado inasuasua palepale. Kwa miezi ya mwanzo ilimtesa bosi kuliko ule uongo wa zamani. Hawezi kufanya kazi huku kamera inamwambia anakaribia kuzimika. Mwisho alikata kipande cha utepe mweupe akabandika kwenye kona ya kioo, juu ya namba, na ubavuni mwa betri tukawa tunaandika kwa kalamu saa tuliyoipachika. Tulirudi kwenye kukisia, ila safari hii tukiwa na uhakika zaidi. Ilipitia kuisha na kujaa mara nyingi ndipo kichipu kikaanza kusema maneno yanayoeleweka, na hata hivyo ule utepe haukubanduliwa.

Tukaunda nyingine, na nyingine. Mgao uliporudi mwaka 2011 tulikuwa na betri za kutosha hata kuazimisha, na watu wa studio jirani walianza kuja na zao zilizovimba gamba wakitaka tuwapeleke kwa fundi. Nilikuwa nasafiri na mfuko wa betri kwenye basi, kwenda zimechoka, kurudi zimefungwa utepe. Fundi hakupandisha bei kwa wingi wala hakuishusha. Alichobadilisha ni kwamba alianza kuniachia kisu.

Kamera yenyewe haikufa kwa betri. Kilichoiondoa kazini ni kaseti. MiniDV zilianza kuadimika madukani, wateja wakataka harusi kwenye flashi na picha pana ya HD, na vijana wakaja na kamera za picha mnato zinazopiga video nzuri kuliko yetu, zenye betri ndogo za kuisha kila baada ya muda mfupi, wenyewe wakabeba tano tano mfukoni na hawaoni shida. Bosi alistaafu. PD170 aliniachia mimi, nami sina cha kuipigia.

Betri, hata hivyo, imegoma kuzeeka. Umbo lile la NP-F limekuwa la kila kitu: taa za LED za kwenye harusi, vioo vya kutazamia picha, vifaa vya kupokea sauti, vyote vina kile kibao cha kupachikia betri ya Sony ya kamera ambayo vijana wenyewe hawajawahi kuishika. Wachina wanaitengeneza mpaka yenye tundu la kuchajia kama la simu. Kamera imetangulia, betri imebaki na ndoa mpya.

Juzi alinijia kijana anayepiga harusi hapa mjini, taa yake imezimika katikati ya kazi, ameambiwa mzee fulani ana NP-F nyingi. Nilimtolea moja yenye utepe mweusi, imeandikwa saa na tarehe ambazo sizikumbuki ni za harusi ya nani. Aliigeuzageuza.

"Mzee, shikamoo tena, hii ni orijino kweli?"

"Gamba na kichipu ni orijino."

"Na ndani?"

"Ndani ni laptopu."

Alicheka, akadhani namtania. Usiku alipiga simu kusema ilimaliza ukumbi na bado inawaka, na angependa kununua zote. Akataja bei. Nikamwambia hiyo ni bei ya yenye seli nne.